Daftari la Mahudhurio ya Maneno

Sehemu ya Sita

Msomaji aliyekuwa nami wiki iliyopita anakumbuka kwamba niliua soko la magodoro ya watoto kwa siku tisa, kwa neno moja, na kwa nia njema.

Kwa ambaye hakuwapo, nitaeleza kwa ufupi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Ninasomea ukutubi, yaani elimu ya kupanga vitabu na kumbukumbu ili kila kitu kionekane mahali pake. Mama mdogo, mwalimu mstaafu, ana duka la magodoro mtandaoni, nami hulitunzia maneno ya matangazo: yale tunayoyachagua ili mtu akiyaandika kwenye simu yake anapotafuta kitu, tangazo letu limtokee. Yapo pia maneno ya kuzuia. Mtu akiandika mojawapo ya hayo, tangazo letu hujificha.

Sasa, watu walikuwa wakitafuta godoro la mtoto wa mbwa. Wanabofya tangazo letu, wanakuta hatuuzi, wanaondoka na masikitiko. Nilidhamiria kuwaepusha watu hao na masikitiko. Nilipaswa kuzuia neno "mbwa". Nilizuia neno "mtoto".

Siku ya kumi mama mdogo aligundua. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake la mahudhurio, akaita jina langu, nikaitika nikiwa mbele yake, meza moja tu kati yetu, naye akaandika kwamba sikuwapo.

Niliihesabu kuwa adhabu ya kiualimu, yenye falsafa ndani yake. Niliipokea kwa unyenyekevu.

"Una mpaka Ijumaa," alisema. "Maneno yako yasipoleta wateja, duka la mtandaoni nalifunga. Na fundi atafute pa kwenda."

Fundi alikuwa chumba cha pili, akikata sponji kwa mashine. Akaizima.

"Mimi nimeingiaje hapo, Mwalimu?"

"Umeingia kwa mlango. Endelea kukata."

Akaiwasha.

Hapa yafaa nieleze habari za daftari. Mama mdogo alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja, na hata mumewe humwita Mwalimu. Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba duka letu litakuwa na maneno sitini na mawili, kwamba yatahitaji kupangwa katika makundi, kusimamiwa, na yasiyofaa kuondolewa, aliniambia nisimfundishe kazi. Akaenda duka la vifaa vya shule, akarudi na daftari la mahudhurio, akayaandikisha maneno yote kwa wino wa buluu.

Tangu hapo, kila siku saa kumi na moja jioni, sebuleni, maneno huitwa majina. Lililoleta mteja hupata tiki. Lililobofywa bila mtu kununua hupata duara. Lisilotafutwa na yeyote ni mtoro, na siku tatu za utoro ni kufukuzwa.

Jumatatu ile nilisimama na kompyuta yangu, yeye akashika kalamu.

"Godoro la futi sita!"

"Yupo, mama. Amebofywa mara kumi na nne, hakununua mtu."

"Mvivu huyo. Anakuja shuleni kucheza. Godoro gumu!"

"Yupo. Ameleta wateja wawili."

"Mtoto mzuri. Godoro la mgongo!"

"Sasa anaitwa godoro la mtu anayeumwa mgongo, mama. Nimemrefusha kidogo."

"Nani amekuruhusu kumbadilisha mtoto jina bila kumwita mzazi?"

"Utafiti, mama."

"Huyo utafiti mwambie aje na mzazi wake. Godoro la futi sita!"

Nilisita. "Yupo," nikarudia. "Mara kumi na nne."

"Mvivu," akasema, akalichorea duara la pili.

Nilikumbuka kwamba mwalimu mzuri hurudia. Baba mdogo, mumewe, mpimaji ardhi mstaafu ambaye hutumia jioni zake nyuma ya gazeti, alimtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akafunua ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Jioni hiyohiyo nilitoa pendekezo. Nilisema kosa letu ni kuyaita maneno tuliyoyachagua sisi, ilhali kuna taarifa inayoonyesha yale ambayo watu wenyewe wameandika, neno kwa neno, hadi wakafikia tangazo letu. Nilitaka taarifa hiyo isomwe yote, kila Ijumaa, kwa sauti.

Baba mdogo alishusha gazeti.

"Hayo ni mambo ya watu, mwanangu. Mtu anaandika kwenye simu yake kama anavyojisemea peke yake bafuni. Usichungulie."

"Majina yao hayaonekani, baba."

"Mtu hatambuliwi kwa jina tu."

Nilimjibu kwa heshima, na kwa urefu. Nilisema kumbukumbu haina aibu. Nilisema kumbukumbu iliyofichwa nusu ni uongo mzima. Sentensi hii nilikuwa nimeiandika kwenye insha ya muhula wa kwanza, nikapata alama nzuri.

Mama mdogo aliipenda sana. "Andika hiyo iwe kanuni," akasema. "Uibandike."

Niliandika kwa herufi kubwa: KILA MSTARI USOMWE KAMA ULIVYOANDIKWA, WALA USIRUKWE. Nikaibandika ukutani.

Baba mdogo aliisoma mara mbili. Akasema nimeziba swichi ya taa.

Jumanne niliketi na taarifa ile tangu asubuhi. Msomaji, sikujua kwamba watu huungama mbele ya kisanduku cha kutafutia. Nilitarajia vipimo na rangi. Nilikuta mtu ameandika "godoro la mgeni wa siku mbili", na mistari kumi chini yake, kwa uchovu uleule, "godoro la mgeni asiyeondoka". Nilikuta "godoro ambalo mtoto wa miaka kumi akikojoa wenzake hawajui". Nilikuta "godoro zuri kwa mtu anayelia sana".

Kisha nikakuta hili: "godoro ambalo mume akigeuka mke hasikii".

Nilikwenda chumba cha pili.

"Fundi, tunalo godoro ambalo mmoja akigeuka mwenzake hasikii?"

"Lile la sponji nzito. Mimi nikiliangukia, hata mwenyewe sisikii."

"Unasema kweli? Siwezi kutangaza uongo."

Aliniangalia, akarudi nyuma hatua nne, akajitupa juu yake chali. Nilikuwa nimeweka glasi ya maji upande wa pili. Haikumwagika.

"Basi ondoa glasi," akasema kutoka kule chini. "Sasa nataka kuinuka, na hilo ndilo halina dhamana."

Nilivunja makundi yote ya mama mdogo, yaliyokuwa yamepangwa kwa vipimo, nikayapanga upya kwa shida za watu. Rafu ya wagonjwa. Rafu ya wageni. Rafu ya wenye aibu. Na rafu ya wanandoa, ambayo tangazo lake niliandika hivi: "Mmoja ageuke, mwingine alale."

Jumatano tuliuza manne. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, kumi na moja.

Fundi alianza kuimba. Mama mdogo alilipandisha neno lile darasa, kwa wino mwekundu, akaniambia nimemkumbusha mwanafunzi wake mmoja ambaye sasa ni hakimu.

"Ila ni aibu," aliongeza, akimgeukia mumewe. "Muuza magodoro mimi, nalala kwenye springi zinazolia kama lango bovu. Nimemwambia huyu baba yako miezi minne tulete hilo la sponji nzito. Hataki. Mganga hajigangi, kweli."

"Nimelizoea," alisema baba mdogo.

"Umezoea makelele?"

"Nataka nisikie mtu akiamka."

"Mtu gani? Tupo wawili!"

Fundi alichungulia mlangoni. "Mzee anaogopa kuibiwa mke, Mwalimu."

"Afadhali wewe umeelewa," alisema baba mdogo. Hakucheka.

Sisi tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu niliamini shida zangu zimekwisha.

Saa nane mchana simu ya duka ililia. Niliiweka kwenye spika, kwa kuwa kanuni zangu ni za uwazi.

"Nyinyi ndio mlioandika mmoja ageuke, mwingine alale?"

"Ndiyo, dada. Karibu sana."

"Godoro lenu zuri. Limefika jana mchana. Usiku huohuo mume wangu kaondoka kitandani saa sita, karudi saa kumi na moja, sikusikia. Nimeambiwa na jirani."

"Pole sana, dada."

"Pole ya nini? Sitaki pole. Nataka lile linalolia."

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba sisi tunauza usingizi, hatuuzi ulinzi, na kwamba ndoa hujengwa juu ya kuaminiana.

"Wewe umeolewa?" akauliza.

"Hapana, dada."

"Nipe mwenye duka."

Mama mdogo alichukua simu. Alisikiliza. Akauliza kitanda ni cha futi ngapi. Dakika tatu baadaye alikuwa amemuuzia godoro la springi na foronya mbili.

"Fungua rafu mpya," akaniambia. "Godoro linalolia."

"Mama, hiyo ni kinyume cha tangazo letu lenyewe."

"Darasani kwangu walikaa mapacha wawili waliochukiana. Wote walifaulu. Andika."

Niliandika. Hadi Ijumaa asubuhi neno hilo lilikuwa limeleta wateja watatu. Imani yangu kwa binadamu niliipa duara.

Ijumaa saa kumi na moja mama mdogo alitoka chumbani amevaa gauni la kijivu alilokuwa akilivaa siku za matokeo. Fundi alikaribishwa, akaketi juu ya mkunjo wa sponji. Hesabu zilikuwa wazi: tulikuwa tumeuza ishirini na tatu kwa wiki. Duka lilikuwa limepona, na fundi asingetafuta pa kwenda.

"Basi tumefaulu," alisema baba mdogo, akisimama. "Tule."

"Taarifa haijasomwa," nilisema.

"Matokeo yameshatoka, mwanangu. Insha za nini tena?"

"Kanuni, baba." Nikaonyesha ukuta.

"Umeme wenyewe hauaminiki."

"Kompyuta ina chaji, baba."

Aliketi. Naandika haya kwa aibu, lakini siku ile niliona fahari.

Nilianza kusoma. Sikuwa nimeipitia taarifa ya siku zile mbili za mwisho, kwa sababu nilitaka tuisikie pamoja, kwa usawa. Mstari wa kwanza mama mdogo aliutia tiki. Wa tano ulimchekesha. Wa tisa ulikuwa wa mtu aliyeuliza kama godoro linaweza kurithiwa, na fundi akasema inategemea alivyokuwa marehemu. Nilifika wa kumi na tatu, "godoro la bweni la shule", nikausoma, nikapokewa kwa tiki.

Macho yangu yakashuka mstari wa kumi na nne.

"nauza duka la magodoro na mashine ya kukata sponji haraka mke asijue"

Mtu huyo alikuwa amebofya tangazo letu mara tatu.

Katika mji wetu mashine ya kukata sponji najua moja tu. Ilikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, nyuma ya mgongo wa fundi.

"Godoro la bweni la shule," nilisoma tena.

"Huyo umeshamsoma," alisema mama mdogo. "Mbona unarudiarudia kama ajuza? Wa kumi na nne."

"Wa kumi na nne, mama, hauna faida kibiashara."

"Tangu lini mstari unatetewa na msomaji? Lete hapa."

Alijivutia kompyuta, akavaa miwani. Nilitazama midomo yake ikitembea kimya hadi mwisho wa mstari, ikarudi mwanzo. Kisha akakaa wima. Akausoma kwa sauti ile anayoitia majina, kila neno peke yake, bila ghadhabu, akanyamaza akingoja, kama anavyongojea kila jina liitike.

Fundi aligeuka, akaitazama mashine kana kwamba ndiyo iliyoitwa.

Gazeti lilikunjwa mara moja, mara mbili.

"Nipo, Mwalimu," alisema baba mdogo.

Mama mdogo hakuandika tiki wala duara.

"Miaka thelathini na sita," alisema hatimaye. "Ukiwa na neno, unaniambia. Hata nilipokuvunjia darubini yako ya kupimia viwanja, uliniambia palepale. Leo unaiambia simu?"

"Nina sababu."

"Itaje."

"Muache mtoto azime hicho kitu. Nitakwambia tukiwa wawili."

"Mashine yangu inauzwa?" aliuliza fundi.

"Si yako," walimjibu wote wawili.

"Basi mashine."

Mama mdogo alivua miwani, akairudisha kompyuta mbele yangu, akachukua kalamu.

"Hatuwi wawili," akamwambia mumewe. "Kama mstari mmoja umeiambia simu, sababu nayo umeiambia. Lazima iko humohumo. Mwanangu, endelea. Wa kumi na tano."

Nilitazama mstari wa kumi na tano.

"mke anasahau usiku anaamka hajui yuko wapi anatafuta darasa lake godoro gani nisikie akiamka"

Niliusoma kimya, mara moja tu.

Nikaliona lile godoro la futi sita lililoitwa mara mbili jioni moja. Nikazisikia zile springi ambazo baba mdogo alikataa kuziacha, nasi tukamcheka. Nikakumbuka jinsi nilivyosimama mbele ya meza hii, nikaitika kwa sauti, nikaandikwa sipo. Nilikuwa nimeiita adhabu. Nilikuwa nimeitafutia falsafa.

Niliinua macho. Baba mdogo alikuwa akinitazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko la moto bila kumshtua.

Mimi, msomaji, sijawahi kuruka mstari. Nilisimama mbele ya watu hawa siku ya Jumatatu nikasema kumbukumbu iliyofichwa nusu ni uongo mzima, na nikasifiwa.

"Mbona kimya?" alisema mama mdogo. "Soma. Kanuni ile pale."

Aliielekeza kalamu ukutani. Kisha mkono wake ukabaki hewani. Aliitazama karatasi ile iliyoziba swichi, akaisoma kwa midomo hadi mwisho, akarudi mwanzo, na paji la uso wake likajikunja polepole.

"Hivi," akaniuliza, kwa upole, kama anavyouliza mgeni, "nani ameibandika pale?"

Nilifungua mdomo. Sikuwa nimeamua kama ni kusoma au ni kujibu.